CV inakataliwa usiku wa manane, hivi kuna mtu anaisoma kweli?

mtafutaji: Wakuu habari zenu. Nimetuma maombi ya uhasibu usiku, kabla hata sijalala imeingia imeili "tunasikitika kukujulisha". Sasa bosi gani yuko macho saa hizo anapitia CV? Nasikia siku hizi AI ndo inachuja watu, mtu afanyeje angalau afike kwa binadamu?

dawati_la_ajira: Pole sana. Mimi nipo HR, na kinachokata watu haraka hivo mara nyingi hata sio AI, ni yale maswali ya mwanzoni, una cheti fulani ndio au hapana, uzoefu miaka mingapi, ukiwa chini ya kiwango mfumo unakutoa hapohapo. AI inakuja baadae, inalinganisha CV na tangazo inawapanga watu kwa alama, na maombi yakiwa mengi sisi tunaanza na wa juu, wa chini wanaweza wasifunguliwe kabisa na hili linaniuma. Acha majedwali na CV ya safu mbili, mfumo unaweza kuchanganya cheo na tarehe. Tangazo likisema "usuluhishi wa hesabu za benki" na kweli umeifanya, andika hivohivo, sio "kazi za benki".

mama_wawili: Ushauri mzuri ila CV safi haikuokoi kama mashine yenyewe ina upendeleo. Amazon walianza kutengeneza ya kwao 2014, wakailisha CV za miaka 10 nyingi zikiwa za wanaume, matokeo yake ikawa inashusha CV yenye neno "wanawake", hata ukiandika tu ulikua nahodha wa klabu ya wanawake. Wakaiacha, Reuters wakaitoa hiyo habari 2018.

mtafutaji: Duh! Sasa mwombaji anajuaje kama kaonewa?

mama_wawili: Ndo shida, hajui. Kuna kesi ya iTutorGroup, kampuni ya kufundisha mtandaoni, kule Marekani, mwombaji alituma maombi mawili yanayofanana kila kitu kasoro tarehe ya kuzaliwa, yale ya umri mdogo ndo yakaitwa kwenye usaili. Programu ilikua inakataa wanawake kuanzia miaka 55 na wanaume kuanzia 60, 2023 kampuni ikakubali kulipa dola 365,000.

dawati_la_ajira: Ndomana jiji la New York tangu Julai 2023 mwajiri anayetumia hizi programu lazima zikaguliwe upendeleo na mwombaji aambiwe mapema. We hapo ulipo waandikie kiungwana, uliza nani kapitia maombi yako na uombe mtu ayaangalie tena. Wengine hawajibu, ila mimi nikipata imeili kama hiyo huwa nafungua faili.