Ramani iko mkononi, mama ana magoti, mtoto ndo anaanza kutembea. Nisisahau nini kabla ya msingi?

Bado_Msingi
Habari za humu wakuu. Msingi haujachimbwa kwahiyo bado nina nafasi ya kubadilisha. Nyumba ya chini, vyumba vitatu. Tutaishi mimi na mwenzangu, mtoto wa mwaka mmoja, na mama ambaye magoti yamemchosha, saivi anatembea na fimbo ila miaka kumi ijayo nani ajuaye. Mchoraji kaniwekea ngazi nne mbele eti nyumba ipate heshima, na mlango wa choo sentimita 70. Nikamuuliza mbona mwembamba hivi, akanijibu chooni anaingia mtu mmoja, kwani unataka kupitisha ng'ombe? Nilicheka lakini nimerudi nyumbani sina amani. Nikigusia rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, na vyuma vya kushikia anasema itafanana na hospitali. Nyie mliojenga au mnaoishi na wazee, kipi lazima nikiweke sasa na kipi kinaweza kusubiri? Sitaki nije kubomoa.

Pima_Mara_Mbili
Mimi ni fundi. Gawa vitu vyako mafungu mawili, vya zege na tofali, na vya skrubu. Vya skrubu visikunyime usingizi, kitasa, koki, hata sinki vinabadilishika kwa siku moja. Usingizi ukunyime kimo cha sakafu, upana wa milango na korido, na ukubwa wa bafu, hapo ukikosea ni nyundo.

Milango ndo watu wanaliwa. Mlango wa 80 haukupi njia ya 80, fremu inakula na mlango wenyewe ukiwa wazi unakula unene wake. Pima njia inayobaki mlango ukiwa umefunguka nyuzi 90. Viwango vya Marekani vya kupitisha kitimwendo vinataka inchi 32, hiyo ni kama sm 81, maana yake agiza mlango wa 90 na chooni pia. Korido ikifika 120 utashukuru. Bafuni acha duara la mita moja na nusu sakafuni, kitimwendo kiweze kugeuka, na hata asiyekuwa nacho atapata pa kumuogeshea mtoto bila kugonga kiwiko ukutani.

Magurudumu2
Natumia kitimwendo huu mwaka wa tisa. Nikialikwa kwa ndugu zangu siku hiyo sinywi maji tangu asubuhi, maana najua sebuleni nitaingia, chooni siingii. Mlango wa 70 huo huo wa mchoraji wako.

Kuhusu rampu fanya hesabu kabla hujagombana naye. Kipimo ni 1 kwa 12, ukipanda sm 1 unahitaji 12 za kwenda mbele, na huo ndo mwisho wa ukali, mikono inawaka. Ngazi nne za sm 15 ni sm 60, rampu yake ni mita 7.2, bado hujaweka sehemu ya kupumzikia juu na chini. Utaiweka wapi? Kwahiyo usimuombe rampu, muombe ashushe kimo cha sakafu, halafu njia kutoka getini ipande polepole, 1 kwa 20 hivi, mtu hata hajui kama anapanda. Maji ya mvua yasiingie ndani weka mtaro mlangoni wenye wavu wa chuma juu, na udongo uteremke kutoka ukutani.

Na hilo la hospitali, mwambie kuna msanifu wa Marekani, Ronald Mace, alipata polio utotoni akawa anatumia kitimwendo, ndo alilipa jina wazo hili la usanifu kwa wote. Hoja yake ilikuwa kitu kitumiwe na kila mtu bila kuonekana kimetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa. Njia isiyo na ngazi haifanani na hospitali, inafanana na njia.

Magoti_Yangu
Samahani nipingane kidogo. Mie ni mtu wa magoti na rampu ya kushuka ndo inaniua, bora ngazi fupi zenye vyuma pande zote mbili. Usidhani mahitaji yote ni ya magurudumu. Kama nafasi ipo weka vyote.

Binti_wa_Mwisho
Nimemtunza mama yangu nyumbani. Mlango wa bafu ufungukie NJE. Alianguka akalala nyuma ya mlango unaofungukia ndani, tunasukuma tunamsukuma yeye, mpaka tukang'oa bawaba.

Kuta za pembeni ya choo na pa kuogea, kama tofali zina matundu zijazwe zege kuanzia kiunoni kwenda chini hata kama chuma hununui leo, na piga picha kabla ya vigae. Bomba la kutundikia taulo sio chuma cha kushikia, litang'oka naye. Sehemu ya kuogea isiwe na ukingo, sakafu iteremke sm 2 kwa mita basi. Choo cheupe juu ya vigae vyeupe mzee haoni kinapoanzia, na taa ongeza, jicho la miaka 60 linapitisha kama theluthi tu ya mwanga wa jicho la miaka 20.

Vitasa vya kushusha kwa kiwiko ni vizuri ila huyo wa mwaka mmoja ataviweza kabla hujajua, mlango wa nje uwe na komeo la juu.

Bado_Msingi
Nimerudi kwa mchoraji. Milango yote 90, bafu kaiba sm 40 stoo, mlango unafungukia nje. Ngazi nne zimekuwa moja, na pembeni njia ya mteremko. Kanuna. Mwenye picha ya mtaro wa mlangoni aniwekee, maana kasema hajawahi kuuchora.