Asilimia za udahili Wharton, Ross na Haas: zinamsaidia nani?

Mtoa mada: Mpwa wangu kamaliza Kidato cha Sita. Kwenye daftari lake la kaunta kaorodhesha Wharton, Stern, Ross na Haas, shule za biashara za vyuo vikuu vya Marekani, kando ya kila jina asilimia ya wanaochukuliwa, kisha kapanga kuanzia "rahisi". Nasema karatasi hiyo inafaa kufungia vitumbua tu. Anayebisha aje.

Milango haifanani. Penn (Chuo Kikuu cha Pennsylvania), Wharton unaichagua kwenye fomu yenyewe. Michigan, chuo kikuu kikukubali kwanza ndipo Ross wakupime. Haas, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Berkeley, kwa miaka mingi walipokea watu waliokwishasoma miaka miwili. Wanaoanza mwaka wa kwanza ni mambo ya juzi tu, 2024. Asilimia ya aliyekwisha kuingia Berkeley unailinganishaje na ya mtoto aliyeko Moshi?

Halafu ada. Penn hawaangalii mfuko wa mwombaji akiwa wa Marekani, Canada au Mexico. Sisi wengine ukiomba msaada, ombi lenyewe linawekwa kwenye mizani.

Baba wa watatu: Mkuu, unamkatisha mtoto tamaa. Asipotazama asilimia ataomba vigogo watupu, Septemba yuko kijiweni. Na Wharton ipo tangu 1881, jina lile linalipa. Aombe ule mkupuo wa mapema wa Novemba, wanasema nafasi ni kubwa.

Dada wa Tanga: Shikamoo baba. Mkupuo huo wa Penn unafunga: ukikubaliwa, maombi mengine unayaondoa. Mwenye shida ya ada analinganishaje msaada wa vyuo viwili hapo? Mbona hamtaji MIT, kile chuo cha teknolojia cha Massachusetts? Hakuna kuomba Sloan, shule yao ya biashara. Unaingia chuo, fani unachagua baada ya mwaka wa kwanza, na hata mgeni hapimwi kwa mfuko wake.

Mwalimu wa Commerce: MIT kwa mtoto wa ECA (Uchumi, Commerce na Uhasibu)? Wale wanataka hesabu na fizikia, dada yangu. Hebu tuwe wakweli.

Mtoa mada: Ni EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), mwalimu, hesabu anazo. Fizikia ndiyo aliiacha Kidato cha Nne, hapo umenipata. Jana usiku kafuta safu ya asilimia, kaandika "nani analipa". Haas kaikata mwenyewe aliposoma kwamba wageni hawapewi msaada wa ada kwa kigezo cha uhitaji. Wharton kaibakiza, na kaizungushia duara.

Baba wa watatu: Si nilisema?