Krismasi ya kwanza nje ya Mwanza: zamu, kodi ya kanisa, na furaha isiyokuja

Kutoka: Kijana wa Igoma, sasa Leipzig

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Nilifika Ujerumani mwezi wa tatu kwa mafunzo ya uuguzi, kwa hiyo hii ni Krismasi yangu ya kwanza mbali na nyumbani. Ratiba ya zamu za Desemba inapangwa wiki hii. Nijitolee tarehe 24 na 25, au niombe mapumziko? Halafu, mnasali wapi na mnasali vipi? Kwenye fomu ya makazi niliulizwa dini nikaacha wazi, maana niliambiwa ukiandika tu unakatwa mshahara.

Na kuna jambo ambalo hata si swali. Mji mzima umewashwa taa, soko la Krismasi limejaa watu, na mimi moyoni kimya. Nyumbani saa hizi mama anamfuatilia fundi cherehani anayetukimbia, watoto wanahesabu siku. Nilizoea furaha inakuja yenyewe.

Kutoka: Kaka wa Nyegezi, Hamburg

Mdogo wangu, chukua zamu. Nyongeza ya sikukuu inaonekana, na kuanzia saa 8 mchana tarehe 24 hadi tarehe 26 sehemu kubwa ya nyongeza hiyo haiguswi na kodi. Tuma nyumbani wapike, wakupigie video. Tunapishana saa mbili tu: wao wakipakua saa 8, kwako ni saa 6.

Nunua chakula mapema, kwani maduka yanafungwa mchana wa tarehe 24 na hayafunguliwi mpaka 27. Sangara wa ziwani kwetu yumo kwenye friza za supamaketi, tafuta pameandikwa Viktoriabarsch. Sato nenda kwenye maduka ya Waafrika.

Kutoka: Dada wa Kirumba, Köln

Mwangaluka ndugu zangu. Bwana Yesu asifiwe, na Wakatoliki wa upande wa Bugando, Tumsifu Yesu Kristo.

Kaka wa Hamburg simpingi. Nianze na kodi ya kanisa, maana hapo watu wanatishana bure. Ukiandikishwa Mkatoliki au wa kanisa la Kiinjili unakatwa kweli, ila haihesabiwi kwenye mshahara wote. Ni asilimia ya kodi yako ya mapato: 8 kwa Bavaria na Baden-Württemberg, 9 kwa majimbo mengine, na Leipzig imo kwenye 9. Mwanafunzi wa uuguzi kodi yake ya mapato yenyewe ni ndogo. Makanisa mengi ya kipentekoste hayamo kwenye mpango huo, yanaendeshwa kwa sadaka na zaka. Ongea na mchungaji kabla hujajaza chochote.

Ibada kubwa ya wenyeji ni tarehe 24. Alasiri watoto wanaigiza kuzaliwa kwa Yesu, usiku kuna ibada nyingine. Wahi kiti, kwani hata wasioonekana mwaka mzima wanakuja. Asubuhi ya tarehe 25 mabenchi mengi ni matupu. Mtu wa Mwanza aliyezoea kusali amesimama dirishani kwa nje anaweza kudhani amekosea siku.

Sasa hilo lisilo swali.

Sisi tulikulia juu kwenye majabali. Tarehe 24 ni kupandisha maji ndoo kwa ndoo, wasichana wanasukwa, fundi anaahidi "jioni" mpaka usiku. Kitambaa kilikuwa kimoja kwa watoto wote, kuanzia kaka mkubwa hadi kitinda mimba, tukitoka tumefanana kama kwaya. Viatu vilinunuliwa vikubwa, vinasokomezwa pamba mbele, eti utavikulia. Baada ya ibada pilau, na soda moja kila mtu, unayoinywa taratibu ili wenzako wamalize kwanza uwatambie. Jioni tunashuka kupiga picha kwenye Jiwe la Bismarck. Lakini furaha ile alikuwa anaibeba mama. Mimi nilikuwa naila tu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Mnaojua makaburi ya waliokufa, pale Igoma, hamhitaji kusimuliwa. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba iliyopoteza baba na mtoto. Desemba ilipofika mama hakushona nguo; pesa ya kitambaa ilikwenda kwenye nyumba ile. Tukavaa za mwaka uliopita, nami nikanuna njia nzima hadi kanisani. Kufika, yule mjane yuko kwenye kwaya, safu ya mbele, sauti ya pili. Wimbo mmoja ulimshinda, akalia, akapangusa uso, ulipoanza mwingine akaingia.

Miaka yote nilidhani alijikaza kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza. Akasema malaika hakuwaambia wachungaji kwamba mambo yao yamekaa sawa. Aliwaambia amezaliwa Mwokozi, nao wakarudi kwa kondoo wale wale, chini ya Kaisari yule yule. "Asingezaliwa, baada ya Mei ningeimba nini?"

Basi usiumie kwa kuwa moyo uko kimya. Taa za mjini hazikukuahidi kitu. Soma Luka 2 kwa Kiswahili, kwa sauti, chumbani kwako. Nenda kanisani hivyo hivyo. Zamu chukua ya jioni tarehe 24, asubuhi ya 25 omba iwe yako. Mimi nafanya hivyo kila mwaka: nawaimbia wazee ninaowahudumia kazini kwa Kiswahili, wao wanaitikia kwa Kijerumani, na waliosahau hata majina ya watoto wao wanaimba beti zote. Nikitoka pale sina hata hamu ya kujihurumia.

Kutoka: Kijana wa Igoma

Wabeja sana dada, wabeja kaka. Zamu nimepata kama ulivyosema. Mwenzangu mwenye watoto wadogo nusura anikumbatie. Mchungaji naonana naye Jumapili.

Yule mjane nimemsoma mara mbili, nikamtumia na mama. Amejibu kwamba anamfahamu mtu wa namna hiyo pale kanisani kwao na sikuwahi kuuliza.

Tarehe 25 baada ya ibada tunakutana kwangu, wa Halle mnakaribishwa. Sangara ninao na sufuria kubwa ipo, ila viungo vya pilau hatuna. Kuna anayesafiri kutoka Mwanza kabla ya tarehe 20?