Naomba ushauri: Honda CG125 ya zamani inajaa mafuta, niko Kabale, Uganda

Ndugu zangu mafundi, habari za kazi. Nina CG125 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ile ya kuwasha kwa platini (swichi ndogo ya cheche), ameniachia mjomba. Injini nimeifungua, ringi mpya, valvu zimesagwa, inawaka kwa kiki moja. Shida ni kabureta, kile kinachochanganya mafuta na hewa.

Ikisimama inanguruma vizuri tu. Nikivuta mafuta kufika nusu inaanza kukohoa, moshi mweusi, na plagi inatoka imepakaa masizi makavu. Nikiitoa chujio ya hewa inavuta vizuri zaidi, kwa hiyo naamini ni mafuta mengi, si umeme. Boya la ndani ya kabureta nimelipima, halivuji wala halijazama.

Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, ilikuwa na nafuu, ila masizi yalikuwepo.

Sasa, nipandishe klipu ya sindano (inayopima mafuta katikati ya kabureta) ili sindano ishuke, au nitafute kwanza jeti kuu, yaani tundu kuu la mafuta, yenye namba ndogo? Na ile bomba ya shaba inamopita sindano, ikilika inaweza kuleta haya yote? Kwa jicho naona tundu lake kama limekuwa yai.

Wauza vipuri wa Kisekka, Kampala, wananisukumia kabureta mpya ya boda. Mimi sitaki, hii ya asili bado ina mwili mzima. Aliyewahi kupata sindano na bomba yake vikiwa pamoja anielekeze.