Aliahidi gari lenye jukwaa, akaja na Canter na mnyororo: giaboksi ya HiAce yangu imeungua kati ya Chalinze na Kimara

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo siku 9 hazijaipunguza hata kidogo, na nitaeleza jambo lote kama lilivyotokea ili kila mwenye gari la gia za otomatiki ajue nililotendewa.

Tulikuwa tunarudi kutoka mazishini Morogoro katika HiAce yangu ya dizeli, ile ambayo siku za shule hubeba wanafunzi na ndiyo inayolisha nyumba yangu. Kabla ya kufika Chalinze pampu ya maji ilianza kuvuja. Mshale wa joto ulipopanda nilizima injini papo hapo, na fundi aliyeitazama alinihakikishia kwamba injini haijadhurika, ila pampu ya aina ile haikupatikana pale siku hiyo. Kwa hiyo nilichokuwa nacho ni gari zima lenye ugonjwa mdogo, lililohitaji tu kufikishwa Kimara salama, mwendo wa karibu kilomita 90. Abiria niliwapandisha basi, tukabaki mimi na mdogo wangu.

Nilipewa namba ya mtu mwenye biashara ya kuvuta magari. Nilimweleza kwa simu, tena nikarudia, kwamba gari ni otomatiki na linaendeshwa na magurudumu ya nyuma, hivyo lisiburutwe chini. Akasema analo gari lenye jukwaa, atalipandisha juu, na bei ni shilingi 250,000. Tulimsubiri saa tatu na nusu. Alipofika jua lilikuwa limezama, na alichokuja nacho ni Canter ya kawaida ya kubebea mizigo, yenye mnyororo uliolundikwa nyuma. Jukwaa, alisema, limeenda kazini Bagamoyo.

Nilipaswa kumfukuza, na sina utetezi juu ya hilo zaidi ya kwamba kiza kilikuwa kimeingia, tulikuwa kando ya barabara ambayo malori hupita usiku kucha, na pembetatu moja tu ya tahadhari ndiyo iliyotutenganisha nayo. Lakini sikukubali kimya kimya. Nilimwomba afungue bolti 4 zinazoshika propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya giaboksi nyuma) kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, aifunge shafti kwa waya juu kwenye chesisi, ndipo avute. Ni kazi ya dakika 20 kwa mtu mwenye spana na tochi, naye alikuwa na vyote viwili. Akanijibu: "Mzee wangu, kazi hii nina miaka 12. Weka nyutro, gari ni gari."

Si kweli kwamba gari ni gari. Katika giaboksi ya otomatiki mafuta husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, pampu imesimama. Lakini magurudumu ya nyuma yakiburutwa barabarani yanazungusha shafti, na shafti inazungusha vyuma vya ndani ya giaboksi vikiwa havipati mafuta wala havipozwi. Nyutro haizuii hilo. Ndiyo maana vitabu vya mwongozo wa magari mengi ya otomatiki ama hukataza uvutaji wa namna hiyo, ama huweka mipaka midogo sana ya mwendo na umbali. Mtu anayelipwa kwa kazi hii na hajui jambo hilo hana haki ya kuifanya, na anayelijua kisha akalipuuza ni mbaya zaidi.

Mnyororo wenyewe aliufunga kwanza kwenye tairodi, chuma chembamba kinachogeuza magurudumu ya mbele, na nilipopiga kelele ndipo akauhamishia kwenye ndoano iliyo chini ya bampa. Kati ya magari mawili haikubaki hata mita 3. Mdogo wangu alikaa kwenye usukani, ufunguo ukiwa umewashwa ili usukani usijifunge, bila msaada wa pawa, na bila busta ya breki, kwa maana bila injini pedali husaidiwa mara mbili tatu kisha inakuwa ngumu kama jiwe.

Nilikaa mbele kwenye Canter na niliuona mshale wa mwendo ukifika 80. Tulipokaribia Daraja la Ruvu, barabara inapoteremka kuelekea mtoni, dereva alishika breki ghafla kwa ajili ya lori lililokuwa mbele. Mnyororo ukalegea ukaburuzika kwenye lami, na mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba alisimama na miguu yote miwili juu ya pedali huku akiona taa za nyuma za Canter zikimjia usoni. Hakugonga. Canter ilipoondoka mnyororo ulikazika kwa mshtuko mmoja uliopinda ndoano mpaka ikagusa bampa. Niliomba tupumzike, hakusimama hadi Mlandizi, na hapo alisimama kwa haja yake tu, kunijulisha kwamba bei sasa ni 400,000 au anifungue niachwe pale. Nililipa. Risiti alikataa kuandika.

Tulipopita Kibaha mdogo wangu alipiga honi mfululizo kwa sababu ndani ya gari kulikuwa kumejaa harufu ya kuungua. Dereva alisikia, mimi pia nilisikia na nikamwambia asimame, naye akasema ni breki za malori.

Kesho yake fundi wangu alifungua nati ya kumwagia mafuta ya giaboksi. Mafuta ambayo miezi miwili iliyopita yalitiwa yakiwa mekundu yalitoka meusi, yakinuka kama ukoko, na ukiyasugua kati ya vidole unahisi chembechembe. Pampu ya maji imebadilishwa kwa shilingi 180,000 na injini inawaka vizuri kabisa. Gari haliendi mbele wala nyuma. Giaboksi iliyotumika naambiwa milioni 1 na laki 8, bila ufundi, na wazazi wa wanafunzi 14 wameanza kutafuta gari lingine.

Nimempigia mtu huyu mara nyingi. Alipokea mara moja akaniambia gari lilikuwa bovu tangu mwanzo. Nimeripoti polisi na RB, namba ya taarifa yangu, ninayo. Ujumbe wa simu ambamo yeye mwenyewe aliandika neno "jukwaa" na bei ya 250,000 haujafutwa, muamala wa 400,000 unaonekana, na mafuta yale nimeyahifadhi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ninachodai ni gharama ya giaboksi na tofauti ya bei aliyonitoza Mlandizi. Aliyewahi kufungua madai ya namna hii katika Mahakama ya Mwanzo naomba anieleze alianzia wapi, na kama fundi aliyelifungua gari anaweza kuitwa kuwa shahidi.