Tupeane uzoefu: ni shimo gani la gofu lilikuharibia kadi, na baadaye ulipunguza vipi mikwaju?

Mtafuta 89

Ndugu zangu, ninaandika haya kadi yangu ya juzi ikiwa bado iko mezani, na kila nikiitazama macho yanarudi kwenye safu ile ya mwisho. Nimecheza gofu kwa miaka minne, handikapu yangu (takriban mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) ni 19, na katika muda wote huo sijawahi kumaliza mashimo 18 chini ya mikwaju 90. Juzi nilifika shimo la 18 nikiwa na mikwaju 83. Shimo lenyewe ni la pa 4, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju 4, kwa hiyo hata 6 ingenitosha, na 6 nimeipata pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nilichomoa draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote. Mpira wa kwanza ulipinda kulia ukavuka vigingi vyeupe, nje ya mipaka. Nikaweka wa pili, ambao kwa adhabu ulihesabiwa kuwa mkwaju wa tatu, nao ukaufuata mwenzake. Viganja vilikuwa vimeloa jasho na mapigo ya moyo nilikuwa nikiyasikia masikioni, lakini badala ya kuirudisha draiva kwenye mfuko niliikamata kwa nguvu zaidi. Mkwaju wa tano ulibaki uwanjani. Wa sita uliingia bunka, lile bonde dogo la mchanga, wa saba ulichota mchanga ukauacha mpira mahali pake, wa nane ulifika kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, kisha nikasukuma mara mbili hadi shimoni. Kumi. Jumla 93.

Mipira miwili iliyopotea hainiumi sana. Kinachoniuma ni kwamba kwa aironi 7, fimbo ya umbali wa kati, mara tatu ningekuwa kwenye grini, na hata kama ningesukuma mara tatu, kadi ingesomeka 89. Waliopitia haya naomba waeleze walikwama wapi, na ni kitu gani hasa kilichowashusha baadaye.

Mkono wa Kushoto

Pole sana, kaka. Yamenikuta hayohayo, nami nilikuwa nahitaji 7 nikapata 9.

Mwandika Kadi

Kabla hujakata tamaa, kumbuka jinsi handikapu inavyohesabiwa. Tangu mfumo wa handikapu wa dunia ulipoanza mwaka 2020, kila shimo lina kikomo: pa ya shimo, ongeza mikwaju 2, kisha ongeza mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo kwa handikapu yako. Ikiwa shimo lile linakupa mkwaju mmoja, basi kumi yako inaingia kwenye hesabu kama 7, na 93 yako inakuwa 90. Isitoshe, hesabu huchukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, hivyo siku mbaya huachwa nje. Umecheza vizuri mashimo 17, na mfumo unalitambua hilo.

Mtafuta 89

Ninashukuru kwa maelezo, na ninajua ni ya kweli. Hata hivyo sikuwa natafuta 89 ya kikokotoo. Nilitaka mipira yote iingie shimoni, niihesabu mkwaju kwa mkwaju, na jumla yake isizidi 89. Naomba tusizichanganye hizo mbili.

Mwandika Kadi

Sizichanganyi. Ninachosema ni kwamba anayepima maendeleo yake kwa raundi moja atateseka bila sababu, kwa kuwa uwanja mmoja kwa siku mbili tofauti, upepo ukigeuka na mashimo yakihamishwa kwenye grini, ni kama viwanja viwili. Handikapu ndiyo inayokueleza umefika wapi.

Mzee wa Weji

Vijana, msigombane, kwani kila mmoja ana haki kwa upande wake. Nilipoisoma hadithi ya mwenzetu nilimkumbuka Jean van de Velde katika The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1999 pale Carnoustie, Scotland. Alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu, 6 ilimtosha kuwa bingwa, naye pia akachukua draiva. Alipata 7, akaingia kwenye mchujo wa kuvunja sare na kushindwa na Paul Lawrie. Yule alikuwa mchezaji wa kulipwa, kwa hiyo mwenzetu asijione kuwa ana kasoro ambayo wengine hawana.

Kuhusu kushusha mikwaju, jibu langu ni lile ninalowapa wote: acheni draiva nyumbani kwa mwezi mmoja, na muda wenu wa mazoezi muutumie ndani ya mita 50 kutoka kwenye grini. Mimi nilishuka kutoka handikapu 16 hadi 11 bila kuongeza hata hatua moja ya umbali.

Masafa Marefu

Mzee wangu, ninakuheshimu, lakini hapo naomba nipingane nawe kwa sababu ushauri huo uliniponza kwa miaka miwili. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua takwimu za mikwaju mingi mno ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, akaona kwamba takriban theluthi mbili za tofauti ya mikwaju kati ya mchezaji bora na aliye dhaifu hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka zaidi ya yadi 100. Hata wachezaji wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, mpira ukiwa futi 8 kutoka shimoni, huuingiza karibu nusu ya mara tu. Nilikuwa nikisukuma mipira mia kila jioni huku mkwaju wangu wa kwanza ukiendelea kuishia kwenye miti. Nilipojifunza kuubakiza mpira kwenye feawei, njia ya nyasi zilizokatwa, ndipo nikaanza kuona 80 na kitu.

Mzee wa Weji

Profesa alipima tofauti iliyopo kati ya wachezaji. Mimi ninazungumzia saa mbili alizonazo mtu mwenye kazi na familia kila wiki. Ni kitu gani kitabadilika haraka ndani ya saa hizo, mzunguko wa mwili mzima au mkwaju wa hatua ishirini?

Masafa Marefu

Kama mkwaju wa kwanza unakupa adhabu, huo wa hatua ishirini unaupiga ukiwa tayari umechelewa.

Hatua Kumi

Ninyi wawili mnasema jambo moja kwa midomo miwili. Mzee anasema acha draiva, na huyu anasema usipoteze mpira wa kwanza, na mwenye kumi angeokolewa na yeyote kati yenu. Nami niongeze langu, ambalo ni dogo lakini limenifaa. Kwa raundi kumi niliandika pembeni mwa kadi ni mara ngapi nilisukuma katika kila shimo, nikakuta wastani wangu ni 38 kwa raundi. Nilidhani tatizo ni ile mipira mifupi ninayoikosa, kumbe tatizo lilikuwa msukumo wa kwanza kutoka mbali, ambao ulikuwa ukiuacha mpira hatua tatu kutoka shimoni. Sasa kabla ya kila raundi ninasukuma mipira kutoka hatua kumi, kumi na tano na ishirini bila kulenga shimo lolote, nikisikiliza kasi ya nyasi tu. Nimefika 33.

Dada wa Mchanga

Kilichonigusa mimi ni ule mkwaju wa saba ulioubakiza mpira bunkani. Kuna siku nilipiga sita ndani ya bunka moja, wenzangu watatu wakiwa wamesimama kimya juu ya ukingo, na ukimya wao ulikuwa mzito kuliko maneno yoyote. Mchanga ulikuwa umejaa kwenye viatu na kwenye kope, na kila nilipopiga nilikuwa nikijaribu kuunyanyua mpira kwa mikono. Baadaye mwalimu alinichorea mstari mchangani, akaondoa mpira kabisa, akaniambia nipige mstari tu, uso wa weji, fimbo ya mikwaju mifupi ya juu, ukiwa umefunguka. Nilipiga mistari kwa wiki mbili. Aliporudisha mpira, akauweka vidole vitatu mbele ya mstari, ulitoka wenyewe, kwa kuwa kazi ya fimbo pale ni kuutoa mchanga, na mchanga ndio unaoubeba mpira.

Na kwa ambao bado hawajaweza, kanuni za mwaka 2019 ziliongeza njia nyingine: unaweza kutangaza kwamba mpira hauchezeki, ukaudondosha nje ya bunka, nyuma yake katika mstari unaotoka shimoni, kwa adhabu ya mikwaju 2. Wengi huona ni aibu. Siku ile ya mikwaju sita, adhabu hiyo ingenipunguzia mingi.

Mkono wa Kushoto

Hilo la mikwaju 2 sikulijua. Ahsante sana, dada.

Nukta Mbili

Nimesita kuandika, lakini mmenikumbusha jambo ambalo sijamsimulia mtu tangu litokee mwaka jana. Yalikuwa mashindano ya klabu, mchezo wa kuhesabu mikwaju, pa 72. Sijawahi kushuka chini ya 80, na siku ile nilimaliza shimo la 16 nikiwa na mikwaju 69, yakiwa yamesalia pa 3 na pa 5. Hata bogi mbili, yaani mkwaju mmoja juu ya pa kwa kila shimo, zingenipa 79.

Kwenye shimo la 16 mkwaju wangu wa pili uliingia kwenye nyasi ndefu upande wa kushoto. Tukatafuta, nikauona mpira mweupe, aina yangu, namba 2 kama yangu, ukiwa umezama kiasi kwamba nusu tu ilionekana. Nikapiga weji, mkwaju mzuri kuliko wote niliowahi kupiga maishani, mpira ukasimama shubiri moja kutoka shimoni. Nikauingiza, nikauokota bila kuutazama, nikaenda nao shimo la 17 nikapiga hadi kwenye grini. Nilipoweka sarafu nyuma yake na kuunyanyua ili niufute, niliugeuza mara mbili. Mipira yangu huwa naitia nukta mbili nyekundu chini ya namba. Ule haukuwa na nukta.

Kanuni ya 6.3 niliijua. Kucheza mpira usio wako ni adhabu ya mikwaju 2, na unaruhusiwa kurudi kusahihisha, lakini ukishapiga mkwaju wa kuanza shimo linalofuata bila kusahihisha, umeondolewa mashindanoni. Nilikuwa nimeshapiga. Hakuna aliyeona. Mwenzangu aliyekuwa akiandika kadi yangu alikuwa upande wa pili wa grini akipima mteremko. Nilisimama pale na mpira mkononi kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuukadiria, kisha nikamwita nikamwonyesha. Tulicheza mashimo yaliyobaki kwa kuzungumza kidogo sana. Nilipata 3 na 5, na kadi ilisomeka 77, na ile 77 si yangu.

Masafa Marefu

Nimesoma hili mara mbili na nimekosa la kusema.

Upepo wa Nyuma

Nitasema ambalo wengine wanalifikiria. Mpira mmoja badala ya mwingine, aina ileile, namba ileile, pengine hatua mbili kutoka ulipokuwa wako. Hukupata faida yoyote. Mimi naamini kanuni hiyo ni kali kupita kiasi, na ningenyamaza.

Mzee wa Weji

Hukupata faida? Mpira wake halisi huenda ulikuwa chini ya mti, au haukuonekana kabisa ndani ya dakika 3 za kutafuta. Hakuna anayejua, na ndiyo maana kanuni iko hivyo. Mwaka 1925, katika U.S. Open, mashindano ya ubingwa wa Marekani, Bobby Jones, ambaye alikuwa mchezaji wa ridhaa kama sisi, alijitoza mwenyewe adhabu ya mkwaju mmoja kwa sababu mpira wake ulisogea kwenye nyasi ndefu, ingawa wasimamizi hawakuona. Mashindano yaliisha kwa sare, na akashindwa katika mchujo na Willie Macfarlane. Ukinyamaza, 77 yako utaitazama kwa jicho gani?

Upepo wa Nyuma

Sijasema ningefurahi, mzee. Nimesema kanuni ni kali, na adhabu ya mikwaju 2 ingetosha hata kwa aliyechelewa kugundua. Hiyo ni hoja, si uhalifu.

Dada wa Mchanga

Tumwache aliyesimulia apumue. Jambo moja la msaada kwa wote: kanuni inakuruhusu kuweka alama kwenye nyasi, kuunyanyua mpira na kuutambua, ilimradi usiusafishe zaidi ya kiasi kinachohitajika kuutambua na uurudishe palepale. Tangu mwaka 2019 huhitaji hata kumtangazia mwenzako kwanza. Mimi sasa hufanya hivyo kila ninapokuta mpira uliozama.

Nukta Mbili

Ninashukuru, dada. Siku hizi natia nukta pande zote mbili za mpira, ili hata ukizama vipi, moja ionekane.

Mtafuta 89

Nimerudi na habari. Jana nilicheza raundi nyingine, draiva nikaiacha nyumbani kama mzee alivyosema, na kabla ya kuanza nikasukuma mipira kutoka hatua kumi, kumi na tano na ishirini. Nilifika shimo la 18 nikiwa na mikwaju 84, nikihitaji 5. Nilipiga aironi 5, aironi 7, kisha weji iliyoshuka kwenye grini hatua saba kutoka shimoni. Msukumo wa kwanza ulisimama kama mita moja na nusu, upande wa juu wa mteremko. Wa pili ulizunguka mdomo wa shimo, ukachungulia, ukakaa nje. 90.

Viganja havikuloa jasho safari hii, na mpira mmoja ulinitosha kwa mashimo yote 18. Swali langu sasa ni hilo la mita moja na nusu kuteremka: mnalenga ukingo wa juu na kuuacha mpira uingie taratibu, au mnaupiga moja kwa moja kwa nguvu?

Hatua Kumi

Taratibu, ukingo wa juu.

Masafa Marefu

Moja kwa moja, kwa uthabiti, ili mteremko usipate nafasi ya kuupindisha.