Shangazi anakataa uenyekiti wa kikoba, nifanyeje?

Swali: Shangazi ndiye anayeshika daftari la kikoba chetu hapa Tandale. Mikopo, marejesho, faini, vyote viko kichwani mwake, na wanachama wakigombana wanamkimbilia yeye. Tukimpendekeza uenyekiti anasema, "Mimi darasa la saba, kiti kina wenyewe." Inaniuma.

Jibu: Pole, dada. Ameona viti vikikaliwa na wenye sauti kubwa, basi anadhani ndio uongozi. Samia Suluhu Hassan alianza kazi akiwa karani.

Jibu: Msimtaje ghafla kikaoni. Mtumieni mtu anayemheshimu, amtajie ugomvi aliousuluhisha na mkopo aliouokoa. Mimi nilikubali ukatibu hivyo.

Muuliza: Asanteni. Nitamwomba baba mkubwa, kaka yake, aende Jumamosi.